Koki inadondosha? Toa mkono kwanza

Nyumba nyingi zenye koki inayodondosha hadithi yake ni ile ile. Imeanza tone moja moja, mtu akaikaza kidogo ikanyamaza, baada ya muda ikaanza tena akaikaza zaidi, afu zaidi, mpaka inafika hatua watoto hawawezi kuifungua na mgeni akiingia bafuni anatoka na sabuni mikononi kuomba msaada. Na bado inadondosha! Sasa mi nasema hivi, hiyo kukaza ndo inayoua koki. Uchakavu wa kawaida unakula raba tu, kitu kidogo hicho, ila kukaza kwa nguvu kunakula na chuma kilichoko chini ya raba, na hapo ndo kazi ndogo inageuka kubwa.

Ili tuelewane inabidi tuingie ndani ya koki yenyewe. Ile ya kizamani ya kuzungusha mara kadhaa ndo ifunguke, ndani ina kijiti cha shaba chenye tredi (mistari ya kuzungushia kama ya skrubu), chini ya kijiti kuna kisahani, na kwenye kisahani kuna washa, ile raba nyeusi ya duara. Ukifunga, kijiti kinashuka na raba inakalia tundu ambalo maji yanapitia. Ukingo wa hilo tundu ndo mafundi wanaita kiti. Basi, hakuna kingine. Koki ya staili hii ilipewa hataza Uingereza mwaka 1845 na kiwanda cha shaba cha Guest & Chrimes cha mji wa Rotherham, na ukifungua ya leo bado utakuta mambo ni yale yale, raba juu ya kiti. Kwa hiyo ikidondosha mdomoni, raba haikai vizuri kwenye kiti, aidha raba imechoka au kiti kimeharibika au kuna uchafu katikati yao.

Nimesema mdomoni makusudi. Kabla hujashika spana angalia maji yanatokea wapi, maana watu wananunua washa wakati tatizo liko sehemu nyingine kabisa. Ikausha koki yote kwa kitambaa, funga, afu izungushie karatasi laini ya chooni uone wapi inalowa kwanza. Ikilowa mdomoni, ni raba au kiti. Ikilowa juu, pale mkono unapoingilia, na hasa kama inalowa wakati koki iko wazi tu, basi washa haihusiki kabisa, pale kuna pakingi (uzi au raba ya kuziba) au oringi (pete ya raba) inayozuia maji yasipande na kijiti. Ikilowa kwenye shina la ile shingo ndefu inayozunguka kwenye sinki, hizo ni oringi za shingo. Na ikilowa nyuma, ukutani au chini ya sinki, hilo ni jointi, pale koki inapoungana na bomba. Koki zenye shingo ndefu pia zina tabia ya kutoa matone machache baada ya kufunga afu zinanyamaza, hayo ni maji yaliyobaki shingoni, hazina ugonjwa, ziache.

Kama ni mikisa ya moto na baridi na hujui upande gani unavuja, funga valvu ya upande mmoja chini ya sinki, usubiri. Matone yakikata, ndo huo huo.

Kuna wanaosema tone tu, linanisumbua nini. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na ukubwa wa tone unategemea mdomo wa koki, kwa hiyo usichukue hesabu za mtu, pima mwenyewe. Weka kikombe chenye alama chini ya koki saa nzima. Ukikuta robo lita, hiyo ni lita 6 kwa siku, lita 2,190 kwa mwaka, yani zaidi ya tangi la lita elfu mbili limekwenda na hakuna aliyenawa hata uso. Kama ni upande wa maji ya moto unalipia na umeme au gesi ya kuyachemsha. Pima usiku na mchana pia, utashangaa, usiku mara nyingi inadondosha zaidi kwa sababu watu wamelala, maji hayatumiki, presha kwenye bomba inapanda na raba iliyochoka inashindwa kuizuia.

Haya, kufunga maji. Tafuta valvu ya hiyo koki, kama haina funga valvu kuu, afu fungua koki iliyo chini kabisa ndani ya nyumba bomba limwage maji yaliyobaki. Kama nyumba ina tangi juu, kufunga valvu ya nje hakusaidii, maji ya tangini yanashuka yenyewe, lazima ufunge kwenye njia ya kutoka tangini. Kama unagusa upande wa moto zima hita kabisa kwenye swichi yake, na ufunge maji yanayoingia kwenye hita. Halafu valvu za zamani ambazo hazijaguswa miaka zinakuwa zimeganda, usizilazimishe kwa mkono mzima, zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka ziachie. Valvu ikikatikia mkononi hiyo kazi ya koki utaisahau siku hiyo.

Ziba tundu la sinki kwa kitambaa! Hili naliandika peke yake kwa sababu kile kiskrubu cha mkono wa koki kina mapenzi makubwa na tundu la sinki, na kikishaingia umekwisha.

Mkono wa koki una kifuniko kidogo juu, chenye rangi nyekundu au bluu, king'oe taratibu kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skrubu. Ukitoa mkono unaona nati ya kichwa, kichwa ndo kile kipande kinachobeba kijiti na raba. Hapa fungua koki nusu kwanza kabla ya kufungua nati, kwa sababu ikiwa imefungwa kabisa raba imebanwa kwenye kiti, na ukizungusha kichwa chote unaisaga na kukwaruza kiti. Funika krome kwa kitambaa ndo uweke spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), na mkono wa pili ushike mwili wa koki barabara, usiache mwili uzunguke. Watu wanaruka hili na ndo wanavunja bomba ukutani au wanapasua beseni, nguvu yote ya spana inahamia nyuma ya ukuta wakati wao wanatazama nati. Ikigoma tia mafuta ya kulainisha kutu ukapige stori kidogo, urudi.

Kichwa kikitoka kigeuze uangalie raba. Utakuta ina mfereji wa duara uliochongwa na kiti, kama mfereji ni mwembamba na uko sawa pande zote, raba imechoka kawaida. Kama mfereji ni mzito upande mmoja, au raba imekatika kidogo sehemu moja, kaa macho, kiti kina kasoro pale pale. Kwenye koki ya maji ya moto raba inakuwa ngumu kama plastiki hata kama haijaliwa, joto linaikausha, ukiibonyeza na ukucha haibonyei. Kama ni jioni na maduka yamefungwa unaweza kuigeuza, upande wa chini uje juu, ikakuvusha siku kadhaa, ila si matengenezo hayo.

Chukua raba ya zamani uende nayo dukani, usiende na maelezo ya mdomo. Washa ya koki ya nusu inchi na ya robo tatu zinatofautiana, kuna za bapa na kuna zenye mgongo, kuna zenye tundu katikati na zisizo na tundu, na tofauti ya milimita moja inatosha ikakaa vibaya. Nunua na za akiba maana ni kitu kidogo sana. Ukirudi safisha kisahani, toa mabaki ya raba ya zamani yote, weka mpya, na kama kuna nati ndogo inayoishikilia ikaze tu ya kutosha, ukiibana sana raba inatuna katikati.

Sasa usirudishe kichwa bado. Hapa ndo penyewe, na hapa ndo watu wengi, pamoja na mafundi wa haraka haraka, wanaruka. Unaweka raba mpya, koki inanyamaza, baada ya mwezi inaanza tena, unaweka nyingine, inaanza tena, afu unasema raba za siku hizi feki. Zinaweza kuwa feki kweli, sibishi, ila mara nyingi shida ni kiti. Maji yakishapata upenyo mdogo wa kupita huku koki imefungwa yanapita kwa kasi sana kwenye huo upenyo, na wakati mwingine yana mchanga, kwa hiyo yanachonga chuma. Upenyo unakuwa mfereji. Raba mpya laini inaufunika mfereji kwa muda kwa sababu inabonyea na kuujaza, ikishaanza kukauka inashindwa. Na kadri mtu anavyokaza ndivyo ukingo wa mfereji unavyoikata raba.

Kwa hiyo washa tochi, chungulia ndani. Kiti kizima kinang'aa duara lote, ukingo mmoja ulio sawa. Afu ingiza kidole kidogo ukizungushe juu ya ukingo, taratibu, macho yanadanganya lakini ukucha haudanganyi. Ukikwama sehemu, hata kidogo tu kama unywele, hapo ndo pa kuvujia. Ukihisi vitu kama chengachenga, huenda ni chokaa ya maji magumu, yale ya chumvichumvi, imeganda, hiyo isugue kwanza kwa kitambaa chenye siki kabla hujahukumu kiti.

Kiti chenye mfereji mdogo kinatengenezeka. Kuna kifaa cha kusaga kiti, kina mkono juu, fimbo katikati na kisagio chenye meno chini, unakifunga kwenye tredi za koki pale kichwa kilipotoka ili kikae wima, unakishusha mpaka kiguse kiti na kuzungusha kwa mkono, mzunguko kidogo, unaangalia, mzunguko kidogo, unaangalia. Si mashindano. Unataka tu ule mng'ao uwe duara kamili, ukimaliza simama, ukisaga sana unakimaliza kiti chenyewe. Msasa kwenye kidole sikushauri, unaweza kukipa kiti mabonde ambayo hakikuwa nayo. Baada ya kusaga fungua maji kidogo sana na kichwa kikiwa nje, ukishikilia kitambaa juu, yatoe vumbi la shaba, la sivyo litakwenda kukaa kwenye raba mpya. Kwa ambaye hana kisagio kuna viti vya plastiki vinavyopachikwa juu ya cha zamani, vinauzwa pamoja na washa yake, havidumu kama shaba ila vinafanya kazi. Na koki nyingine kiti chake kinatoka, ukichungulia ukaona tundu lake lina pembe nne au sita badala ya duara, hicho kinafunguliwa kwa elenki (ufunguo wa pembe unaoingia ndani ya tundu) na kununuliwa kipya.

Kiti kikiwa kimeliwa sana, au mwili wa koki umeanza kuwa na rangi ya pinkipinki na unamomonyoka (hiyo ni shaba nyeupe iliyopoteza zinki yake, imebaki kama sponji ndani), usihangaike. Badilisha koki. Lakini mwili ukiwa mzima na kiti kinasagika, mi sioni sababu ya kuitupa, zile koki nzito za zamani zina chuma kingi kuliko nyingi zinazong'aa dukani sasa hivi, hebu zipime mkononi tu utajua.

Kuvuja kwa juu ni rahisi. Jaribu kukaza nati ya pakingi kidogo, kama robo ya mzunguko, hii ni sehemu pekee kwenye koki ambayo kukaza kunatibu. Isipoacha, fungua nati, toa pakingi ya zamani, sokota tepu nyeupe ya mafundi iwe kama uzi, uzungushe kwenye kijiti raundi kadhaa na urudishe nati. Kama ina oringi badala ya pakingi weka mpya ya saizi ile ile, ipake grisi ya silikoni. Grisi ya gari hapana, mafuta ya petroli yanavimbisha baadhi ya raba.

Tuje kwenye koki za kisasa, zile za robo mzunguko. Hizi hazina washa ya kukalia kiti, zina katriji yenye visahani viwili vya kauri vilivyosuguliwa mpaka vikawa laini kiasi kwamba vikilaliana maji hayapiti. Ukizungusha, matundu yake yanakutana maji yanatoka, ukirudisha yanapishana. Kukaza hapa hakuna maana yoyote, ikifika mwisho imefika, ukiongeza nguvu unavunja kizuizi. Adui wake ni mchanga na chokaa ya maji magumu. Bomba likikatwa mahali kwa matengenezo, maji yakirudi yanakuja na mchanga na upepo, chembe moja ikiingia kati ya visahani ukafunga kwa nguvu, umepata mkwaruzo na mkwaruzo haushonwi. Kwa hiyo maji yakirudi baada ya kukatika fungua kwanza koki ya nje ya kawaida, yatoke mpaka yawe safi, ndo uguse hizi za ndani.

Ikishaanza kudondosha, toa katriji, usikimbilie kununua. Angalia raba ya chini yake, ile pete laini, mara nyingi imebonyea au ina uchafu na kauri ni nzima. Iloweke kwenye siki saa kadhaa kama maji yenu ni magumu, isafishe, irudishe ujaribu. Kama kauri ina ufa au mkwaruzo unaoshikika na ukucha, nunua katriji nyingine na nenda nayo mkononi, nasisitiza, maana kwa koki zenye mikono miwili, wa moto na wa baridi, huwa kuna ya kulia na ya kushoto, ukichanganya mkono mmoja utafungua kwa kuelekea upande usio wake. Meno ya juu yanapokaa mkono yahesabu, kuna za meno 20 na za meno 24, kwa macho zinafanana kabisa. Za mikisa ya mkono mmoja nyingi ni milimita 35 au 40 kwa upana, pima chini, na angalia zile pini ndogo mbili za kuielekeza ziko wapi.

Na kama umeamua kubadilisha koki nzima, kuna hesabu moja inawachanganya watu kila siku. Koki ya "nusu inchi" ukiipima tredi zake kwa rula unapata karibu milimita 21, wakati nusu inchi ni milimita 12.7. Mtu anarudi dukani kubishana kapewa saizi kubwa. Hajakosewa, hiyo namba ilitokana na tundu la ndani la mabomba ya chuma ya zamani na haihusiani na upana wa nje wa tredi. Ya robo tatu kwa nje ni kama milimita 26. Pima hivyo utalala vizuri.

Tepu nyeupe zungusha kufuata upande koki inakoingilia, yani ukitazama ncha ya tredi unaenda na mshale wa saa, ukizungusha kinyume inajikunja na kutoka unapofunga. Ivute ishike kwenye tredi, acha tredi ya kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye maji. Raundi ngapi inategemea unene wa tepu, hizi nyepesi zinahitaji nyingi, endelea mpaka koki iingie kwa mkono mizunguko michache afu ianze kuwa nzito kabla haijafika mwisho. Ikiwa imepitiliza na inahitaji kurudi nyuma kidogo ili mdomo uelekee chini, usirudishe, toa yote, tepu mpya, anza upya, kwa sababu tepu ikishasukumwa mbele ukiirudisha nyuma inaacha njia ya maji. Na kama jointi ya ukutani ni ya plastiki, nguvu ya spana ipunguze sana, plastiki haipigi kelele, inapasuka ndani ya plasta na wewe unaiona baada ya ukuta kuanza kuvimba rangi.

Zile hozi laini za chini ya sinki hazihitaji tepu kwenye nati yake, ndani kuna pete ya raba tayari, kaza kwa mkono mpaka mwisho, ongeza kama robo mzunguko kwa spana, acha.

Sasa ile mbaya kuliko zote. Unafungua koki ya ukutani, inatoka nyepesi ghafla, unaangalia mkononi unaona tredi hazipo, zimebaki ndani ya ukuta. Usipige nyundo. Kuna kifaa chenye ncha ya kibano kinachoingia ndani ya kipande na kukishika kwa ndani kinapozungushwa kinyume, kama unacho kitumie taratibu. Kama huna, kipande cha msumeno wa chuma kinaweza kukata mifereji miwili kwa ndani mpaka karibu na tredi za jointi, si zaidi, afu kipande unakikunjia ndani kwa bisibisi. Ukishakwaruza tredi za jointi hakuna tepu itakayookoa, hapo ni kuvunja vigae, na kazi ya kuvunja vigae mwachie fundi bomba.